Pumu Isiyosikia Dawa: Je, Kinga Imepungua?



Hapa kwetu Mlola mtu akiugua muda mrefu bila kupona, swali linaloulizwa kwa sauti ya chini ni lilelile: "Kinga imeshuka?" Neno hili kinga tulifundishwa na UKIMWI. Kabla ya ugonjwa ule kuingia vijijini tulilisikia siku za chanjo za watoto tu, basi. Tangu hapo limekuwa neno la mashaka, na ukilitaja mbele za watu utaona wanaangaliana. Ndiyo maana mwanamke mwenye pumu kali, aliyekonda kwa kukosa usingizi, anayekohoa usiku kucha, anayepewa dawa hii na ile asipone, hubeba mizigo miwili: kifua chake na macho ya majirani.

Mimi ni muuguzi, na katika kanisa letu husaidia kwenye kazi ya kutembelea wagonjwa. Nimeuona mzigo huo wa pili ukimwelemea mtu kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo leo nataka tuongee juu ya kinga, lakini siyo ile iliyopungua. Pumu kali isiyosikia dawa ni ugonjwa wa kinga iliyo macho kupita kiasi, inayopiga mahali pasipo na adui. Hili si neno la kumfariji mgonjwa tu. Linabadilisha dawa tunazonunua, maneno tunayomwambia mgonjwa, na hata namna mume anavyomtazama mkewe.

Yuko dada mmoja katika Umoja wetu wa Wanawake ambaye ameniruhusu kueleza habari zake bila kumtaja jina. Ana umri wa miaka 38 na watoto wanne, analima kabichi na karoti. Pumu haikumwanza utotoni kama wengi wanavyodhani ni lazima iwe. Ilimwanza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mwanzoni ilikuwa ya msimu, miezi ile ya Juni na Julai ukungu unaposhuka na baridi ya milimani inapouma mpaka mifupani. Baadaye haikuchagua mwezi. Alikuwa anamaliza pampu ya bluu kila baada ya wiki mbili, na pampu moja ina mivuto 200. Hesabu mwenyewe.

Mumewe alimtaka akapime virusi vya UKIMWI. Akapima, hana. Baada ya miezi michache akatakiwa akapime tena. Hana. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akamnunulia chupa za dawa ya "kuongeza kinga" kwa wachuuzi wa gulioni. Nilipouliza bei yake nikakuta chupa mbili zilikuwa zimekula fedha ambayo ingetosha kununua ile pampu ya kahawia aliyoandikiwa na daktari na asiinunue. Na hata kama chupa zile zingekuwa na nguvu zilizotangazwa, zingemsaidia nini? Ni sawa na kumwongezea kuni mtu ambaye nyumba yake inaungua.

Sasa nieleze kinachotokea ndani. Mapafu yana mirija mingi ya hewa inayogawanyika kama matawi ya mti. Kila mrija umezungukwa na msuli mwembamba, na ndani yake umetandazwa utando laini unaotoa ute. Shambulio la pumu linapokuja mambo matatu hutokea pamoja: msuli hujikaza, utando huvimba, na ute huwa mwingi na mzito. Njia iliyokuwa wazi inakuwa kama mrija wa soda uliobanwa kwa meno. Hewa huingia kwa taabu, na kutoka ndiyo taabu zaidi. Hapo ndipo tunapoisikia ile filimbi kifuani.

Nani anayetoa amri ya yote hayo? Askari wa mwili wenyewe. Wazee wetu wa wilaya hii ya Lushoto wanaikumbuka tauni iliyoanza mwaka 1980 na kutusumbua kwa zaidi ya miaka 20. Waliougua wakapona waliponywa kwa dawa pamoja na askari hao, chembe nyeupe za damu zinazomtambua mgeni mbaya na kumpiga. Bila wao hatufiki jioni. Katika pumu askari hao hao humwona adui katika vumbi la godoro, manyoya ya paka, chavua ya maua au mende wa jikoni.

Jinsi walivyogundua silaha inayohusika ni habari ninayoipenda sana. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Ujerumani, Carl Prausnitz, alichukua maji ya damu ya mwenzake, Heinz Küstner, ambaye akila samaki alikuwa anawashwa na kuvimba. Prausnitz mwenyewe samaki hawakumdhuru. Akajidunga maji yale kidogo kwenye ngozi ya tumbo lake, na kesho yake akajidunga pale pale dondoo la samaki. Ngozi ikavimba. Kumbe kulikuwa na kitu katika damu kinachoweza kuhamisha ule mzio kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kitu gani? Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukijua. Mwaka 1966 mume na mke, Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya utafiti wa pumu ya watoto huko Denver, Marekani, walikitenganisha. Walijaribu kazi yao kwenye migongo yao wenyewe, huyu akimchoma yule. (Akina mama, tunaolalamika kwamba hatuna jambo la kufanya pamoja na waume zetu!) Wataalamu wa Uswidi, Johansson na Bennich, walikuwa wamekifikia kitu hicho hicho kwa njia nyingine, na mwaka 1968 kikapewa jina rasmi: IgE, yaani kingamwili ya aina ya E.

IgE hukaa juu ya chembe ziitwazo seli masti, zilizotapakaa kwenye utando wa mirija ya hewa, kama fataki zilizokwisha kutegwa utambi. Vumbi likigusa, zinalipuka na kumwaga kemikali zinazokaza msuli ule kwa dakika chache. Halafu, baada ya saa kadhaa, linakuja kundi la pili, nalo ndilo linalofanya pumu iwe sugu. Humo wamo askari waitwao eosinofili. Jina hilo walipewa na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879 kwa sababu wanashika sana rangi nyekundu ya maabara iitwayo eosini. Wanatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na kuitwa mapafuni na ujumbe wa kemikali uitwao interlukini 5. Wamebeba sumu ambayo, kama wataalamu wengi wanavyoamini, kazi yake ya asili ilikuwa kupambana na minyoo. Mapafuni kwa dada yetu hakuna mnyoo. Sumu inamwagika juu ya utando wake mwenyewe, unachubuka, unavimba, na miaka ikipita unaota makovu.

Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini pampu ya bluu humdanganya mgonjwa. Dawa yake, salbutamoli, hulegeza msuli tu. Mgonjwa anavuta, baada ya dakika chache kifua kinafunguka, anamshukuru Mungu na kurudi shambani. Askari wako pale pale. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haushauri tena mtu mzima ategemee pampu ya bluu peke yake. Mtu anayemaliza pampu 3 au zaidi za bluu kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa vibaya, na anayefikia 12 kwa mwaka hatari yake ya kufa imeongezeka. Dada yetu alikuwa anavuka 20.

Inayowatuliza askari ni steroidi, na kwa wengi wetu inapatikana katika pampu ya kahawia. Steroidi huingia ndani ya chembe na kuzima amri za kuwaita askari. Haifanyi kazi kwa dakika chache, inataka siku na wiki, na ndiyo maana watu huiacha wakisema "hii haina nguvu". Kwa watu wengi wenye pumu ikitumiwa kila siku inatosha kabisa, na mtu anaishi kama wengine.

Lakini wapo wachache, takribani 5 hadi 10 kati ya wenye pumu 100, ambao wanavuta steroidi kwa kipimo kikubwa pamoja na dawa ya pili, wanavuta vizuri, kila siku, na bado usiku wanakaa kitandani wakiwa wameinama mbele wakitafuta pumzi. Hao ndio ambao wataalamu husema wana pumu kali. Kwa miaka mingi tuliwaona kama wagonjwa wakaidi. Wengine waliambiwa wana mawazo, wengine wakaombewa watubu dhambi wasiyoijua.

Leo sababu zinajulikana zaidi, na zote ni habari za askari. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa eosinofili ni wengi mno na wanaendelea kuitwa hata steroidi ikisema wasiitwe. Karibu mwaka 2010 wanasayansi walitambua aina ya chembe zinazokaa ndani kwenye utando, ambazo hazihitaji kabisa kumjua adui kwa jina. Zinasubiri kelele tu. Utando ukiumizwa na moshi, virusi vya mafua au hewa chafu, unapiga ukunga wa kemikali, nazo zinaitika kwa kumwaga ile interlukini 5 kwa wingi. Zikichochewa hivyo zinakuwa ngumu kutulizwa na steroidi. Kwa wagonjwa wengine askari wanaojaa si eosinofili bali neutrofili, wale wa usaha, na hao steroidi haiwaui, bali huwaongezea siku za kuishi! Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kukaa kwenye benchi moja, wote wana filimbi kifuani, wote wameandikiwa dawa moja, mmoja ikamponya na mwingine isimsaidie. Hakuna mwenye imani zaidi ya mwenzake. Jeshi lililoasi katika kila kifua ni tofauti.

Umesoma hapo juu neno moshi. Sikuliweka kwa bahati mbaya. Jikoni kwetu tunapika kwa mafiga matatu, kuni za mkaratusi au mwati, mara nyingi mbichi kwa sababu ya mvua, na mlango tumeufunga kwa ajili ya baridi. Mama anakaa humo asubuhi na jioni na mtoto mgongoni. Utando wa mirija unapiga ukunga kila siku, halafu tunashangaa dawa haisikii. Kadhalika na dawa za kunyunyizia mboga. Mwenye pumu asibebe bomba la kunyunyizia, apewe kazi nyingine. Ninajua ni rahisi kusema kuliko kutenda pale ambapo mume yuko Dar es Salaam na kabichi zina wadudu, lakini hata shemeji anaweza kuombwa.

Kabla hatujasema dawa imegoma, ni lazima tuhakikishe kwanza kwamba dawa imefika. Wengi wanaoitwa sugu wanavuta vibaya: wanabonyeza pampu, dawa inagonga ulimi, inamezwa, na kifuani haifiki kitu. Itikise pampu, toa pumzi yote, anza kuvuta taratibu, bonyeza, endelea kuvuta hadi mwisho, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi 10. Asiyeweza, na watoto hawawezi, atumie chupa. Mwaka 1999 Dakta Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili pampu ikae barabara na pembeni pakazibwa hewa isitoke, inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa. Chupa hizo zimejaa kando ya barabara zetu. Ioshe, ikauke, umeokoa fedha.

Na ukimaliza pampu ya kahawia, sukutua mdomo kwa maji na uteme. Usiposukutua unaweza kuota utando mweupe ulimini. Utando huo tuliuzoea kwa wagonjwa wa UKIMWI, na unajua maneno yatakayofuata. Dada yetu alikuwa nao. Hiyo ilikuwa ndiyo sababu ya mumewe kudai apime mara ya pili.

Jambo la vidonge vya prednisoloni nataka nilikazie. Ni steroidi pia, lakini hizi zinaenda mwili mzima. Wakati wa shambulio kali zinaokoa maisha, wala usizikatae ukipewa kwa siku chache. Tatizo ni mtu kuzoea kununua mwenyewe dukani kila kifua kinapobana. Zikirudiwa rudiwa huleta kisukari, shinikizo la damu na mifupa kuwa dhaifu, na zinaweza kuiamsha kifua kikuu iliyolala. Huleta pia uso wa mviringo. Nilimsikia jirani akimsifia dada yetu kwamba amenawiri. Hakuwa amenawiri, ilikuwa prednisoloni. Na sisi tunaotembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu tuna hatari nyingine ambayo watu wa mjini huisahau. Yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, anayepenya ngozi ya mguu na kukaa mwilini miaka mingi kimya kimya, akizuiwa na askari hao hao. Mgonjwa akipewa prednisoloni nyingi askari wanalala, mnyoo anaongezeka na kuenea mwili mzima, naye anaweza kuua. Kwa hiyo muulize daktari kuhusu kupima choo kubwa au kupewa dawa ya minyoo kwanza. Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu naye asiziache kwa ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kujitengenezea za kwake.

Mwenye mimba mwenye pumu aendelee kuvuta pampu zake. Nawaona wanaoziacha wakiogopa kumdhuru mtoto. Kinachomdhuru mtoto ni mama kukosa hewa.

Je, wale ambao dawa imefika, moshi umepungua, minyoo imetibiwa, na bado? Kwao sayansi imetengeneza dawa mpya za sindano, kingamwili za maabara zinazomkamata mjumbe mmoja tu katika lile jeshi. Ya kwanza, omalizumabu, inayoikamata IgE, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Mepolizumabu, inayoizuia interlukini 5, ilifuata mwaka 2015. Mwaka 2021 ikaja tezepelumabu, inayonyamazisha ule ukunga wenyewe wa utando. Wagonjwa waliokuwa wanalazwa mara kwa mara wamepungukiwa mashambulio, na baadhi wameacha vidonge vya prednisoloni. Nayasema haya ili mjue kwamba ugonjwa huu si fumbo. Lakini gharama yake ni maelfu ya dola kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, na katika zahanati na vituo vya afya vya milimani kwetu hazipo. Nafikiri si haki, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole. Muafrika ana mapafu yale yale. Wenzetu wa Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wataalamu wa Kenya na Ethiopia, waliwaandikisha wagonjwa wa pumu zaidi ya 1,600 katika nchi hizo tatu ili kujua pumu kali ya kwetu ikoje. Wengi wao walikuwa wanawake. Mimi sikushangaa. Utotoni pumu huwapata zaidi wavulana, lakini baada ya kuvunja ungo hesabu inageuka, na homoni zetu zinahusika.

Dada yetu tulianza naye kwa chupa ya plastiki na pampu ya kahawia. Umoja wa Wanawake ukamkopesha fedha ya pampu mbili za kwanza, naye akalipa kwa karoti. Mumewe nilimwomba aje kliniki, akaja siku ya tatu ya kuombwa, akakaa karibu na mlango. Nilimchorea mrija wa hewa kwenye karatasi. Akauliza, "Kwa hiyo si kwamba kinga yake imeshuka?" Nikamwambia, "Shemeji, imepanda. Imepanda mno." Akacheka kidogo, halafu akanyamaza muda mrefu. Ni fundi mwashi. Mwezi uliofuata alijenga jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje, na akatoboa dirisha ambalo nyumba ile haikuwahi kuwa nalo.

Sitasema amepona. Pampu ya bluu iliyokuwa inaisha kwa wiki mbili sasa inakaa miezi. Analala. Lakini Julai iliyopita alishambuliwa usiku, hawezi kumaliza sentensi, midomo inaanza kugeuka rangi, pampu ya bluu haimfungui. Hizo ndizo dalili za kutosubiri asubuhi. Mumewe alikuwa amekwisha kupatana na kijana wa bodaboda tangu mwezi wa tano, maana barabara zetu usiku na ukungu mnazijua, na wakaondoka saa nne badala ya saa nane. Katika hospitali ya rufaa alikopelekwa baadaye walihesabu damu yake wakakuta eosinofili wengi sana, hata baada ya kutibiwa minyoo. Yeye basi ni mmoja wa wale wachache wa kweli. Anavuta kipimo kikubwa pamoja na dawa ya pili, na mara mbili kwa mwaka bado anahitaji vidonge vya siku chache. Karatasi ile ya hesabu ya damu ameitunza pamoja na cheti cha ndoa. Alisema anataka siku dawa zile za sindano zikifika Tanga au Moshi kwa bei ya mtu wa kawaida, asianze kujieleza upya.

Wiki chache zilizopita aliniuliza habari ya binti yake mdogo, mwenye miaka 6, anayewashwa ngozi. Je, na yeye? Nilimweleza kwamba mtoto hurithi mwelekeo, siyo ugonjwa wenyewe, na kwamba mazingira yana sauti. Uganda, katika wilaya ya Wakiso, Dakta Harriet Mpairwe na wenzake walilinganisha wanafunzi wenye pumu na wasio nayo, wakaona kwamba waliokulia mjini miaka yao ya kwanza walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliokulia shamba. Huenda udongo, mifugo na hata minyoo huwafundisha askari wa mtoto uvumilivu mapema. Huko huko Uganda, Entebbe, wanawake wajawazito 2,507 walishiriki utafiti wa dawa za minyoo, na watoto ambao mama zao walipewa albendazoli wakaonekana kupata ukurutu wa ngozi zaidi wakiwa wachanga.

Akanikatiza. "Basi nisimpe dawa ya minyoo?"

Nilimwambia ampe. Minyoo inanyonya damu ya mtoto na kumdumaza, na wale watoto wa Entebbe walipopimwa tena wakiwa na miaka 9 tofauti ile ya mzio haikuonekana. Ampe dawa ya minyoo shuleni wanapogawa, ampake mafuta ya mgando kwenye ngozi inayokauka, godoro alitoe juani kila Jumamosi. Na mtoto asikae jikoni moto unapowashwa. Akasema hilo la mwisho ni rahisi, binti mwenyewe siku hizi anapenda kukaa nje kwenye lile dirisha jipya, akimwita mama yake kwa ndani kana kwamba ni duka.